Naomba ushauri: kuchonga bamba la chaki la Myford ML7 kwa mashine hiyohiyo

KijanaKarakana
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata mashine ndogo ya kukereza, Myford ML7 ya Kiingereza, kwenye mnada wa karakana iliyofungwa hapa Morogoro. Kitanda (reli zake za chini) hakijalika, spindeli (mhimili unaozungusha kazi) haichezi. Tatizo ni kwamba imekuja na feisipleti (sahani bapa ya kufungia kipande) na senta zake (ncha mbili za kushikilia shafti) tu, chaki, yaani kishikio chenye taya za kubana kipande, hamna. Nimenunua chaki mpya ya Kichina, taya nne, milimita 125, mgongo bapa wa kufungwa kwa bolti. Sasa nahitaji bamba la nyuma lenye hesi (mistari ya skrubu) ya kuingia kwenye pua ya spindeli, ile ncha yake ya mbele. Kuagiza Uingereza, nauli inazidi bei ya kitu. Nataka nilichonge mwenyewe. Nianzie wapi? Drami ya breki ya Fuso itafaa?

FundiGerezani
Drami ina tundu kubwa katikati mkuu, hesi utaikata kwenye hewa? Tafuta nati ya UNF (kipimo cha hesi cha Kimarekani) ya inchi 1⅛, hesi 12 kwa inchi, ichomelee kwenye pleti. Kazi imeisha, kesho unakereza.

MzeeWaReli
Fundi, hapo unampoteza mwenzio. Nati hiyo inaweza kukubali kuingia, na ndiyo hatari yake. Pua ya ML7 ni inchi 1⅛ hesi 12 kweli, lakini ni Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, pembe ya meno digrii 55. UNF ni digrii 60. Zitashikana kwa ukingo mwembamba tu, na moto wa kuchomelea utaipinda nati. Chaki itakaa sawa leo, kesho upande.

KijanaKarakana
Shikamoo mzee. Basi niikate mwenyewe, ila nitaipimaje? Kipande kitakuwa kimefungwa kwenye feisipleti, na feisipleti iko kwenye pua hiyohiyo.

MzeeWaReli
Marahaba. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kabla ya jike (hesi ya ndani), chonga dume (hesi ya nje). Weka shafti kati ya senta mbili, isukumwe na feisipleti, ikereze hadi milimita 28.58, kisha kata hesi. Sehemu ya mbele iache laini, milimita 25.9, itakusaidia baadaye. Skrubu ndefu ya ML7, ile inayosogeza kisu, ni hesi 8 kwa inchi, kwa hiyo gia ya meno 40 upande wa spindeli na 60 kwenye skrubu, katikati weka yoyote ya kuunganisha. Ukikaribia kina, toa shafti, fungua feisipleti, jaribu dume lako kwenye hesi ya feisipleti yenyewe. Halijaingia? Rudisha kila kitu, mkono wa kusukumia (unaobana shafti ili feisipleti iizungushe) ukae kwenye nafasi ileile, na shafti itarudi ilipokuwa. Uzuri wa senta ni huo.

Dume likikubali kuingia bila kulazimishwa, hiyo ndiyo pua yako ya pili. Sasa funga kipande cha bamba kwenye feisipleti, toboa, panua hadi ile sehemu laini ya dume ipite, halafu kata hesi ya ndani ukijaribu kwa dume. Usisahau kola laini nyuma ya hesi ya pua: ipime kwa maikromita, uichongee nafasi yake kwenye bamba. Kola ndiyo inayoweka chaki katikati, hesi inavuta tu.

MwlChuma
Naongeza la usalama. Ukikata hesi usiifungue nati ya skrubu ndefu, rudi kinyume. Lakini pua hii ni ya hesi, ukirudisha kwa mota feisipleti inaweza kujifungua na kukuangukia. Tengeneza kwanza hendeli ya mkono ya kuingia nyuma ya spindeli, tundu lake ni kama milimita 15. Bomba, bolti yenye kichwa cha koni ya kulitanua, na mkono. Chomoa umeme, legeza mkanda, zungusha taratibu mbele na nyuma. Na hendeli itoke kabla hujawasha mota!

FundiGerezani
Sawa, nimekubali. Chuma je?

MwlChuma
Chuma cha kusubu (cha kumimina kwenye kalibu) ndicho bora, ila kipande kisicho na tundu ni adimu. Kwa skrepa tafuta flenji pofu ya bomba, ile isiyo na tundu katikati. Hiyo mara nyingi ni chuma laini, inafaa, hesi uipake mafuta kila unapofunga isije ikang'ang'ania. Mfuniko wa chemba usinunue hata ukiletewa kwa bei ya chai, unajua umetoka wapi. Ukipata cha kusubu, kata bila maji na ufunike kitanda: vumbi lake likichanganyika na mafuta linasaga reli.

KijanaKarakana
Flenji pofu nimeiona kwa jamaa wa skrepa, nene kuliko pua yenyewe. Uso wa mbele, unaokaa chaki, niuchonge ikiwa bado kwenye feisipleti?

MzeeWaReli
La. Malizia hesi na kola, ifungue, igeuze, ifunge kwenye pua kwa hesi yake. Hapo ndipo uchonge uso na kile kidato cha kuingia mgongoni mwa chaki, kiingie kwa kubana kidogo. Matundu ya bolti yawe ya mwisho. Na andika hapa ukishapima hiyo kola.