Foleni ya meseji: tuiachie keneli au programu ibebe yenyewe?

kobe_mbio
Wakuu habari zenu, nina kaprogramu kangu kanapokea meseji za GPS za malori kwa UDP (njia ya mtandao isiyohakikisha kuwa meseji imefika) halafu kanaandika kwenye databesi. Mchana kako poa, ila saa 12 asubuhi malori yakiwashwa kwa pamoja meseji zinapotea kimya kimya, hakuna erori hakuna nini. Jamaa yangu ananiambia ongeza bafa ya keneli (memori ambamo kiini cha mfumo endeshi kinashikilia meseji hadi zisomwe) ukalale, mimi naona foleni ni kazi ya programu, keneli ifikishe tu. Nani yuko sahihi?

BintiTerminali
Piga amri ya netstat -su kwanza, uone makosa ya bafa ya kupokea, ikipanda kila asubuhi ujue keneli ndo inamwaga. Linux nyingi inakuja na baiti 212,992 kwa soketi (mlango wa programu kwenye mtandao), na usidhani zote ni za meseji zako, keneli inahesabu na gharama zake za kubeba kila paketi, kwa hiyo vimeseji vya baiti 100 vinaijaza mapema kuliko hesabu zako. Ikijaa UDP haibembelezi mtu.

mzee_wa_paipu
Ubishi wa zamani huo. Keneli ya Mach miaka ya 80 ilikuwa na foleni ndani yake, mtumaji anaacha mzigo anaondoka. Akaja Liedtke na keneli yake L4 miaka ya 90 akafyeka hiyo foleni, mtumaji na mpokeaji wakutane uso kwa uso, ikawa na kasi balaa. Unataka foleni, weka kwenye memori yako, maana ya keneli ni ya wote na mzembe mmoja asiyesoma meseji zake anatesa majirani. Ndo maana hata paipu ya Linux (bomba la kupitisha data toka programu moja hadi nyingine) ina ukomo, baiti 65,536, ikijaa anayeandika anasubirishwa (ilinikuta, mimi nasubiri programu iishe ndo nisome, yenyewe inasubiri nisome ndo iishe, tukatazamana usiku kucha).

kobe_mbio
Kwa hiyo nimeshinda 😂

BintiTerminali
Hujashinda. Lori halikutani na programu yako uso kwa uso, meseji ikifika wakati umeng'ang'ania databesi lazima ipate pa kukaa, na hapo ni keneli tu. Ila keneli ibebe milisekunde, dakika beba mwenyewe. Tenga thredi moja (mkondo wa kazi ndani ya programu) isiguse databesi kabisa, kazi yake kuzoa soketi na kutupia kwenye foleni yako, nyingine iandike kwa mafungu. Halafu kuna hili, bafa ikijaa keneli inatupa inayoingia sasa hivi, yaani ile mpya, wakati kwenye ramani wewe unataka hiyohiyo mpya! Foleni yako inaweza kufuta ya zamani ya lori lilelile, keneli haijui lori wala mkokoteni.

mzee_wa_paipu
Hapo kwenye kutupa mpya sikuwa nimepafikiria, nakubali.

kobe_mbio
Netstat nimepiga, namba niliyokuta hata sisemi. Natenga thredi usiku huu, kesho saa 12 naamka na madereva. Sasa databesi ikizima kabisa hiyo foleni yangu si itakula RAM yote?

mzee_wa_paipu
Itakula. Iwekee ukomo leo leo.