Ushauri: Kampuni ya madini inaniambia nisubiri kesi yao na Serikali iishe ndipo nilipwe

Mzabuni wa Kusini:
Wakuu, habari zenu. Nilikuwa napeleka chakula na dizeli kwenye kambi ya utafiti ya kampuni moja ya madini ya nje huku kusini mwa Tanzania. Leseni yao ilikufa pamoja na zile nyingine za kuhodhi maeneo, Sheria ya Madini ilipobadilishwa 2017. Walinzi na mafundi wachache walibaki hadi mwanzoni mwa 2020, nami nikaendelea kupeleka mzigo. Ankara za mwisho hazijalipwa hadi leo. Kinachoniuma zaidi, risiti za EFD (mashine ya kodi) nilishakata, VAT nikalipa, hela yenyewe sijaiona.

Nikipiga simu naambiwa, "Tumeishtaki Serikali Washington, tukishinda kila mtu atapata chake." Hati za kupokea mzigo ninazo, zina saini ya mtunza stoo na mhuri wa kambi. Nisubiri au niende mahakamani? Naogopa nikiwashtaki watanilipa wa mwisho.

Kibajaji:
Wa mwisho umeshakuwa tayari, mkuu. 😂

Dada wa Sheria:
Usisubiri. Deni la mkataba lina miaka sita tu ya kulidai mahakamani, na kesi ya ICSID, yaani hiyo ya usuluhishi wa uwekezaji huko Washington, haisimamishi hesabu hiyo. Ile kesi ni yao na Serikali, wewe humo hutajwi. Tuzo analipwa aliyefungua shauri, na mara nyingi huyo ni kampuni mama iliyosajiliwa nje ili ipate kinga ya mkataba wa uwekezaji kati ya nchi yake na Tanzania. Kampuni ya Indiana ya Australia, kwa mfano, ilipitia kampuni zake za Uingereza kuhusu nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Wewe je, LPO zako (hati za oda) zimetolewa na nani? Kama ni kampuni iliyosajiliwa hapa, hiyo ndiyo mdaiwa wako, na inaweza kubaki jina tupu wakati hela inaingia kwa mama yake.

Mzee wa Kahama:
Na hata wakishinda, hesabu huwa inapungua njiani. Indiana walipewa tuzo ya dola milioni 109.5 mwaka 2023, mwaka uliofuata wakakubali milioni 90, tena kwa awamu tatu. Winshear, kampuni nyingine iliyoishtaki Serikali, walimalizana nayo kwa milioni 30. Sisi wa huku tuliona sakata la makinikia, ule mchanga wa madini: Acacia walidaiwa kodi ya dola bilioni 190, mwisho Barrick, wenye hisa nyingi Acacia, wakakubali kulipa milioni 300 na kampuni ya ubia ya Twiga ikaanzishwa, Serikali ikiwa na asilimia 16. Wakubwa wakishakaa mezani wanamalizana. Muuza maharage haitwi.

Dada wa Sheria:
Umesahau aliyefadhili kesi. Kama kuna mfuko umelipia mawakili, huo unachukua chake kwanza.

Mzabuni wa Kusini:
Asanteni. Meneja wao wa zamani aliwahi kunitumia WhatsApp, "Deni lako tunalitambua." Inatosha?

Dada wa Sheria:
Itunze, lakini usiiegemee. Unachotaka ni barua inayokiri deni na kiasi chake, imesainiwa na mwenye mamlaka. Ikipatikana kabla miaka sita haijaisha, hesabu inaanza upya. Wakikataa, wakili atume notisi ya madai, kisha fungua shauri bila kungoja. Hesabu miaka kwa kila ankara peke yake, maana ya kwanza inaweza kufa wiki hii na ya mwisho ikawa bado hai.

Kibajaji:
Sasa bila utani: zile risiti za EFD katoe kopi leo. Karatasi zake zinafutika, yangu ya juzi tu imeshabaki nyeupe.

Mzabuni wa Kusini:
Nimezitazama, mbili hazisomeki tena. Nyingine nimezipeleka steshenari zitolewe kopi. Ofisi yao ya Dar imefungwa, barua niipeleke wapi?

Dada wa Sheria:
Fanya upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, utapata anwani iliyosajiliwa na majina ya wakurugenzi. Peleka hapo, mpokeaji asaini nakala yako. Nakala nyingine itume kwa barua pepe kwa kila mkurugenzi utakayempata.