Duka limeniuzia vepu feki, sasa wananiambia niongeze hela nipewe orijino

Wakuu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia. Nimepigwa. Na siyo kwamba nimenunua kwa mtu wa kupitapita, ni duka kabisa la vepu, zile sigara za umeme, lina vioo, lina taa, lina kijana wa kaunta anakumwagia mambo ya wati na ohm mpaka unajiona mshamba, limeniuzia kifaa feki kwa bei ya orijino na nikirudi kudai naangaliwa kama mimi ndio nimekuja kuiba.

Boksi lina ile sehemu ya kukwangua unapata namba ya uhakiki, na pembeni kuna QR ya kuskani. Nikaskani, ukafunguka ukurasa una nembo na kila kitu, nikaingiza namba, ikaja "Hongera, bidhaa yako ni halisi". Nikaridhika. Ila kifaa kikawa kinachemka sana kikiwa kwenye chaji, roho ikaanza kukataa, nikarudi kwenye ule ukurasa nikaandika sifuri tupu. Hongera, bidhaa yako ni halisi. Nikaandika jina langu. Hongera! Ndio kuja kuangalia anwani ya tovuti vizuri, kuna herufi moja imechomekwa kwenye jina la kampuni, yaani hawa watu wametengeneza kifaa feki, boksi feki na tovuti feki ya kukuhakikishia kwamba hujauziwa feki. Nikaandika anwani ya kiwanda kwa mkono wangu bila kuskani kitu, namba ikagoma, haipo kwenye mfumo wao. Kwa hiyo mnaonunua mtandaoni au dukani, hiyo QR ya kwenye boksi msiiamini, andika anwani mwenyewe.

Sasa kifaa chenyewe. Boksi linasema betri ni mAh 2000, yaani kiasi cha chaji inachobeba, nikachomeka kile kipimo kidogo cha USB kati ya chaja na kifaa, kutoka imezima kabisa mpaka taa inasema imejaa imekula kama 700 hivi. Basi. Skrini inapanda mpaka wati 40 na unaiona namba inapanda vizuri tu, ila uweke 10 uweke 40 mvuke ni uleule, kumbe ile skrini ni pambo. Tena hata hesabu inakataa, koili (ule waya unaochemsha likwidi) ya ohm 0.8 kwenye betri moja ya volti 3.7, volti mara volti gawa kwa ohm, unapata wati 17, na hata betri ikiwa imejaa kabisa kwenye 4.2 inaishia kwenye 22 hivi, kufika 40 lazima kuwe na saketi ya kupandisha volti na humu ndani haimo. Najua haimo kwa sababu nimempelekea fundi wa elektroniki akafungua.

Na hapo kwa fundi ndio hasira iligeuka kuwa woga. Betri haina maandishi yoyote, imevalishwa plastiki upya, na alipopima wakati inachajiwa ilikuwa imeshapita volti 4.3 na bado inaendelea kula umeme. Betri za lithiamu za aina hii za kawaida zinatakiwa zikatwe chaji kwenye 4.2, ukizizidisha zinaanza kuharibika kwa ndani, zinajaa gesi, zinavimba, na siku ikiamua inawaka moto wenyewe wa kemikali. Hicho kitu kilikuwa kinachaji pembeni ya kitanda changu.

Haya, nikarudi dukani. Swali la kwanza la kijana: "kwani haitoi moshi?" Inatoa. "Sasa shida iko wapi?" Yaani kwake yeye orijino maana yake inatoa moshi. Nikamwonyesha ile tovuti ya Hongera, akaniambia seva inasumbua. Nikaomba meneja, meneja akasema boksi likishafunguliwa mali hairudi, nikamuuliza sasa bosi ningejuaje ni feki bila kufungua boksi, akanyamaza akaanza kupanga vitu kwenye shelfu. Halafu eti nikumbuke walinipa kachupa ka likwidi ya kuvutia ka ofa. Kachupa kenyewe hakana namba ya bechi, hakana jina la aliyetengeneza, nimekatupa. Mwaka 2019 mpaka mwanzoni mwa 2020 kule Marekani watu zaidi ya 2,800 waliovuta vepu waliishia hospitali au kufa kwa mapafu, chanzo kikubwa ilikuwa vitamini E asetati kwenye likwidi za bangi, nyingi za mitaani. Sisemi kangu kana hiyo kitu, nasema likwidi isiyo na mwenyewe siivuti.

Sasa sikilizeni hii ndio imenifanya nifungue uzi. Nilivyokaza sana, meneja akanivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "mkuu tusifike mbali, ongeza kidogo tukupe orijino". ONGEZA KIDOGO. Mimi nililipia nini mara ya kwanza? Kwa hiyo wanazo aina mbili, wanajua ipi ni ipi, na wanaangalia sura ya mteja.

Nilipofika nyumbani tangazo lao lililokuwa limeandikwa "orijino asilimia 100" limeshabadilishwa likawa "ubora wa juu". Wamechelewa, skrinshoti ninayo. Baadaye wakaniblok.

Nililipa kwa kadi, kwa hiyo nimefungua dai benki, Visa wana kipengele kabisa cha bidhaa feki. Nimepeleka risiti, skrinshoti, picha za betri, na karatasi ya fundi. Jina la duka silitaji mpaka dai liishe, msinisumbue inboksi.

Ninachotaka kujua, kuna mtu ameshashinda dai la namna hii benki? Waliomba uthibitisho kutoka kiwandani au karatasi ya fundi ilitosha? Na wale wa "si ungeacha tu kuvuta", fungueni uzi wenu.