Ganpati wa Ngazini

*Jumapili 24 Agosti 2025*

Masi 07:02
Namaste wote. Zimebaki siku 3 jamani, Chaturthi, sikukuu ya Ganpati wetu mwenye kichwa cha tembo, ni Jumatano tarehe 27 na waliochanga mpaka sasa nyumba 6 kati ya 14. Sanamu ya udongo fundi keshamaliza inakauka kivulini, anataka salio lake. Nani analeta nini semeni leo leo

Masi 09:40
Naona tiki za bluu tu

Mama Genge 10:15
Masi ukoka ntaleta mimi bure, vifungu vya majani 21 kama mwaka jana, na yale maua mekundu ya ukutani. Kivumbasi ndo nisilete eti?

Masi 10:17
Usilete mama, Ganpati hapewi tulsi. Ubarikiwe

Bhai wa Dhol 10:31
Vitamu vya modak ngapi safari hii maana mwaka jana nilikuta sinia tupu na Baba Mapacha anajifuta mdomo 😂

Baba Mapacha 10:33
Sio mimi ni yule panya wa Ganpati 😂

Mama Genge 10:34
😂😂😂

Masi 10:40
21 za Ganpati Bappa kwanza zenu baadaye. Nataka nazi 8, unga wa mchele kilo 3, sukari guru kilo 2, iliki. Na mtu wa kukuna, mbuzi yangu meno yameisha nakwaruza vidole tu

Masi 12:05
Na kumpeleka Bappa baharini kumzamisha ni Jumamosi tarehe 6, tunaondoka hapa saa 8 mchana

Baba Mapacha 12:20
Jumamosi niko kazini Masi, tusogeze Jumapili basi

Bhai wa Dhol 12:22
Saa 8 jua kali lile, ngoma za dhol zitapasuka

Masi 12:30
Mmeshasahau ya mwaka jana? Mlisimama kila kona mnapiga mpaka tunafika giza limeingia, maji yameshakupwa, Bappa akabaki matopeni. Alfajiri nikarudi peke yangu nikakuta mkonga umekatika na kaa anatembea juu ya sikio, nikamfunga kwenye kanga huku nalia

Bhai wa Dhol 12:41
Na ile sanamu ya plasta nani alinunua? Mimi nilisema udongo toka mwanzo mkaniambia ghali

Baba Mapacha 14:50
Nilinunua mimi. Nilidhani itayeyuka

Mzee Nahodha 15:26
Asalaam aleikum wanangu. Jumamosi hiyo mwezi unakaribia kupevuka, bamvu hilo. Maji yanajaa saa 9 kwenda saa 10 alasiri yakigeuka hayamngoji mtu, usiku saa 3 mchanga mtupu. Mtumbwi ntawawekea ila mkifika magharibi mimi siingii

Bhai wa Dhol 15:30
Nahodha na wewe modak mbili zako tunakutunzia 😂

Masi 16:12
Bibi yetu Ba ametuma sauti, wasioweza kufungua nawaandikia kama alivyosema:

"Mgeni umwite mwenyewe, umlishe siku 10, halafu umtupe njiani usiku? Na tunapiga kelele mwakani arudi haraka, arudi kwa nani? Mwaka jana nilinyamaza. Jumapili mwezi unapatwa, hatoki mtu na Bappa siku hiyo. Jumamosi saa 8 mimi nitakuwa nimekaa ngazini na nazi yangu mkononi."

Baba Mapacha 19:20
Nimesikia Ba. Salio la fundi nalipa mimi usiku huu. Ruhusa kazini ntaomba kesho, sijui kama watanipa

Bhai wa Dhol 19:48
Samahani Ba. Dhol tunapiga hapa getini tu halafu tunapanda gari, tukishuka ufukweni ndo tunapiga tena

Masi 19:50
Gari gani? Ile pikapu ya mwaka jana mwenyewe kaiuza

Masi 21:15
Gari jamani

Ghorofa ya 5 22:47
Samahani ndo naona sasa hivi, Chaturthi lini?

Masi 22:48
Soma juu

Ghorofa ya 5 22:59
Ntaleta nazi 4

Masi 23:03
Asante. Bado 4, bado mkunaji, na gari bado