Mjadala: Habari za magari ya umeme tuzipime kwa mizani gani?

Mwalimu wa Jinja: Ndugu zangu, basi la Kayoola lilipozinduliwa mwaka 2016, vyombo vingi vya habari viliandika kwamba Uganda imeunda basi linalotembea kwa jua. Kwa hakika lilitembea kwa betri, na paneli za juu ya paa zilikuwa nyongeza tu. Meta moja ya mraba ya paneli hutoa takriban wati 200 jua likiwa la utosi. Hata ukitandaza meta 15, unapata kilowati 3, yaani kilowati-saa 15 kwa saa tano za jua kali, na basi hula karibu kilowati-saa moja kwa kila kilometa. Piga hesabu mwenyewe uone litafika wapi. Waandishi hawakuipiga, na waendesha boda wetu, ambao huamini chochote kinachorushwa kwenye simu, wanaisimulia habari hiyo mpaka leo. Je, habari na tangazo tuvitenganishe vipi?

Boda wa Ntinda: Mwalimu, hesabu yako sina ugomvi nayo, ila hapo kwenye boda umenigusa. Ninaendesha pikipiki ya umeme, na walioniuzia, ambao sitawataja, waliniahidi kilometa 80 kwa betri moja. Wiki ya kwanza nilimpakia mama mmoja na mkungu wake wa matoke, tukapanda kilima cha Naguru, na kabla hatujafika juu asilimia zilikuwa zimeshuka kutoka 40 hadi 31 huku nikizitazama. Tangu siku hiyo, kila ninapobadilisha betri naandika kwenye daftari kilometa, abiria, mzigo na mvua. Sasa nani anayeamini chochote?

Mzee wa Mbale: Mnabishania mkungu wakati uongo wenyewe ni mkubwa kuliko huo. Kuna yule Mmarekani wa kampuni ya malori ya umeme ya Nikola, aliyetuonyesha video ya lori likikimbia barabarani, kumbe lilivutwa hadi juu ya mteremko likaachiwa liserereke. Sasa yuko jela. Habari zote za umeme ni za namna hiyo.

Dada wa Nansana: Mzee wangu, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Mmarekani wako huyo, Trevor Milton, alipatikana na hatia mwaka 2022, lakini Rais Trump alimsamehe mwaka 2025 kabla hajaanza kutumikia kifungo, kwa hiyo hata wewe unayetuonya umetuletea habari nusu. Tena mwaka 2015 Volkswagen walikutwa wameweka programu iliyopunguza moshi wa dizeli wakati wa kupimwa tu. Mbona hukusema habari zote za dizeli ni uongo?

Mzee wa Mbale: Binti, mimi sikuja hapa kutetea dizeli. Nilisema jela kwa sababu mahakama ilisema jela. Na tukiwa hapo, bwawa la umeme la Karuma, hapa kwetu Uganda, nalo tuliimbiwa miaka mingapi? Megawati 600, ujenzi tangu 2011!

Dada wa Nansana: Tangu 2013, Mzee, na lilizinduliwa Septemba 2024. Megawati hizo ni uwezo wa mitambo yote sita ikizunguka kwa nguvu zake zote, wala si umeme unaotoka kila saa. Gazeti linapoandika 600 bila kueleza hivyo halijadanganya, lakini nawe unaachwa ukidhani Yaka yako, yaani umeme wa kulipia kabla, itashuka bei kesho.

Mwalimu wa Jinja: Tumetoka mbali na swali langu. Kuhusu boda, nilikusudia baadhi yao. Hata hivyo, daftari la mtu mmoja si kipimo, kwa sababu hatujui betri hiyo ilikuwa ya zamani kiasi gani, wala mkungu huo ulikuwa na kilo ngapi.

Boda wa Ntinda: Mwalimu, walioniahidi kilometa 80 hukuwauliza kilo, ila mimi unaniuliza. Mkungu sikuupima. Ninachojua ni kwamba mama alidai nimpunguzie nauli kwa kuwa tulipanda polepole, na nilimpunguzia.