Viatu vya majina makubwa vinakufa mapema: tatizo ni soli, ngozi au gundi?

mtembea_kwa_miguu
Wakuu, naomba mwanga kwa wanaovijua viatu kwa ndani. Dr. Martens, Clarks, Timberland na wenzao vilikuwa viatu vya kurithishana. Siku hizi malalamiko ni yale yale kila kona: ngozi inapasuka pale kiatu kinapokunjika, soli inaachia mbele, na vingine soli inamung'unyika kama biskuti ilhali juu bado ni kipya. Wapo wanaosema ni feki tu, wapo wanaolaumu joto na unyevu wa Pwani. Kimebadilika nini hasa? Nikishika kiatu dukani au pale soko la mitumba la Karume niangalie wapi? Na soli ikishaachia, gundi ya fundi inashika kweli? Ni kiatu cha kuvaa siku sita kwa wiki, Dar.

soli_na_uzi
Mkuu, anza kwa kulisahau jina. Jina moja siku hizi linauza viatu vilivyoundwa kwa njia tatu au nne tofauti, na bei haikuambii ni ipi uliyoshika. Cha kutazama ni namna soli ilivyokamatana na ngozi ya juu.

Njia ya Goodyear: ngozi ya juu hushonwa pamoja na ukanda mwembamba unaozunguka kiatu, kisha soli hushonwa kwenye ukanda huo. Soli ikiisha, fundi anafumua mshono wa nje na kuweka nyingine bila kugusa ngozi ya juu. Njia ya Blake: mshono mmoja unapita toka ndani hadi soli, ukiinua soli ya ndani utauona umepanga mstari kuzunguka. Kiatu cha Goodyear hakionyeshi mshono huo kwa ndani. Njia ya tatu, ndiyo imejaa madukani, ni gundi tupu: ngozi imekunjwa chini ya kadibodi ya soli ya ndani, soli ikabandikwa. Hii ni rahisi na ya haraka kiwandani, na kiatu huwa chepesi, ila uhai wake wote uko kwenye gundi.

Mtego ni huu: viatu vingi vya gundi vina mshono wa urembo pembeni. Geuza kiatu. Mshono wa kweli utauona chini ya soli, aghalabu ndani ya mfereji. Kama juu kuna nyuzi na chini hakuna kitu, uwezekano mkubwa ni pambo.

Dr. Martens wako peke yao kidogo. Ukanda wao ni wa PVC, aina ya plastiki, na soli haishonwi kwenye ukanda bali huyeyushwa kwa joto mpaka viwili hivyo vinashikana. Kiunganishi hicho ni imara, lakini soli ikilika fundi wa mtaani hana pa kufumua, atalazimika kukata.

Mzee wa Ngozi
Naongezea upande wa ngozi, maana hapo ndipo watu wanapigwa zaidi.

Ngozi nzima yenye uso wake wa asili ikikunjwa hutoa mikunjo midogo midogo isiyolingana, na ukiibonyeza kwa kidole gumba vinyweleo vinaonekana. Ngozi iliyosuguliwa uso ili kuficha makovu ya ng'ombe, kisha ikapakwa tabaka la plastiki, hung'aa sawasawa kila mahali. Ikikunjwa, tabaka hilo ndilo linalopasuka kwanza, mstari mmoja mnene juu ya vidole. Dawa ya viatu haiwezi kupenya plastiki, kwa hiyo kuipaka kila asubuhi ni kung'arisha tu. Ngozi chini yake inaendelea kukauka. Ngozi ya kusagwa na kuunganishwa kwa gundi ndiyo mbaya kupita zote: hubanduka kama rangi ya ukuta wenye chumvi.

Kwa mtumba wa Ulaya kuna msaada ambao wengi wanaupita. Tangu agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1994, viatu vinavyouzwa huko hubeba alama za picha, ama kwenye kiatu chenyewe ama kwenye kibandiko. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Umbo lilo hilo likiwa na kialmasi katikati ni ngozi iliyopakwa, yaani tabaka limezidi milimita 0.15. Almasi peke yake ni malighafi nyingine, mara nyingi plastiki. Alama ya wavu ni kitambaa. Zinatajwa sehemu tatu: ya juu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje. Malighafi inayotajwa ni ile iliyochukua angalau asilimia 80 ya eneo, au ya ujazo kwa soli ya nje, kwa hiyo usishangae ulimi au kisigino kikiwa cha kitu kingine.

polima
Hilo la soli kumung'unyika linaitwa haidrolisisi, na halihusiani na ufeki. Soli nyingi za katikati, ile povu kati ya mguu na mpira wa chini, ni za poliyurethini, PU. Aina ya bei nafuu na inayovumilia msuguano vizuri ni PU ya esta. Unyevu hukata vifungo vya esta, yaani viungo vya kikemikali vinavyoishikilia, kidogo kidogo, joto huongeza kasi. Saa inaanza kuhesabu siku kiatu kinatoka kiwandani, hata kama hakijavaliwa. Ndiyo maana kiatu "kipya" kilichokaa kabatini miaka sita kinaweza kuachana na mguu barabarani siku ya harusi. PU ya etha inavumilia unyevu zaidi, lakini ni ghali na wengi hawaitumii. EVA, povu jingine jepesi la plastiki, haiozi kwa unyevu. Kasoro yake ni kulala, yaani povu linabonyea na halirudi. Mpira na TPU, plastiki inayonyumbulika kama mpira, ndivyo vinavyodumu.

Kwa Tanga, Mombasa au Dar, kufungia viatu kwenye mfuko wa nailoni ni kuvipikia hukohuko ndani. Viache sehemu yenye hewa, na vivae mara kwa mara.

Jinsi ya kupima: kandamiza ukucha kwenye ukuta wa povu. Likirudi, sawa. Ukucha ukizama na kuacha unga au unato, acha hapo hapo. Kunja kiatu na uangalie nyufa nyembamba sehemu ya vidole. Kisha tafuta tarehe. Viatu vingi vya michezo huwa nayo kwenye lebo ya ndani, na buti za usalama kazini zenye alama EN ISO 20345 hupigwa mwaka pamoja na mwezi au robo ya mwaka.

kijana_wa_gikomba
Jamani, semeni ukweli, mambo yaliharibika viwanda vilipohamia Asia. Dr. Martens walihamisha uzalishaji mwingi mwaka 2003.

soli_na_uzi
Walihamisha, ni kweli, na kiwanda cha Wollaston kule Northamptonshire kinatoa toleo la "Made in England" kwa bei ya juu. Ila nchi peke yake haikuambii kitu. Kiwanda kile kile kinaweza kutoa buti ya Goodyear yenye ngozi ya milimita 2 na kiatu cha gundi chenye ngozi ya milimita 1.2, kutegemea aliyeagiza amekubali kulipa kiasi gani. Hata hiyo Goodyear ina mahali pa kubania: ule ukingo wa ndani unaoshikilia mshono, zamani ulichongwa kwenye ngozi ya soli ya ndani. Sasa kwa kawaida ni utepe wa turubai uliobandikwa kwa gundi. Ukiachia, mshono mzima unalegea, uwe umetoka Uingereza au Vietnam.

mtembea_kwa_miguu
Shukrani wakuu, nimeelewa. Bado swali la gundi.

FundiWaKona
Ndugu, inashika kama kilichoachia ni kiunganishi na siyo povu lenyewe. Povu la PU likishaoza hakuna gundi, litolewe lote na kiatu kivalishwe soli nzima mpya.

Kwangua gundi ya zamani kwa kisu, usiiyeyushe na kuiacha. Piga msasa namba 60 au 80 pande zote mbili mpaka mng'ao uishe. Upande wa ngozi ondoa ile rangi ya juu, vinginevyo utabandika soli kwenye rangi. Futa kwa asetoni kidogo, ila kwenye PVC na EVA tumia kitambaa kilicholowa tu maana asetoni inaweza kuvilainisha.

Soli ya PVC isipakwe ile gundi ya njano ya kawaida. Mafuta yaliyomo kwenye PVC yanahamia kwenye gundi na kuilainisha, inaachia tena baada ya wiki chache. Tumia gundi ya PU yenye hadina (dawa ya kuigandisha) ya asilimia 3 hadi 5, na changanya kiasi cha kazi ya leo tu. Soli za mpira laini zinataka praima yake, dawa inayopakwa kabla ya gundi, kwanza.

Paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika 10 hadi 15 ngozi inywe. Mkono wa pili, subiri mpaka kidole hakinati. Pasha kwa kikausha nywele, kama nyuzi 60 hadi 70, ndipo uunganishe. Lenga vizuri kabla hujagusa kwa sababu hakuna kurudia. Gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda ukingoni, kaza kwa mpira wa baiskeli, usivae kwa saa 24.

Ukitaka kushona juu yake, chimba mfereji wa milimita 2 ili uzi usiguse ardhi, tumia nailoni yenye nta, hatua ya milimita 6 hadi 8. Usishone EVA laini, uzi utaikata kama kisu kwenye siagi.

Supa gluu iache nyumbani. Inakuwa ngumu kama kioo, inapasuka kiatu kikikunjika, na mabaki yake yanazuia gundi nyingine kushika.

Na ukishafua kiatu cha gundi, usikianike juu ya bati. Joto lile lile ninalotumia kubandikia ndilo litakalobandulia.