Nani atamsindikiza Athumani Jumamosi?

Kikundi: Watoto wa Bi Rukia, Kisauni

Mwanaisha (Jumatano, saa 2:10 usiku): Assalaam aleikum, jamaa zangu. Athumani amekubali kwa kinywa chake kwenda kwenye mkutano wa watu wanaoacha pombe, na ameniruhusu niliseme humu, ila hataki lifike barazani. Nilipiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na baada ya kuulizauliza nikaelekezwa kwa kikundi cha Alcoholics Anonymous kinachokutana Jumamosi saa 11 jioni. Naomba kabla ya kesho usiku nijue ni nani atakayemsindikiza.

Mwanaisha (saa 2:52 usiku): Naona wengi mmeshasoma.

Salim (saa 3:05 usiku): Kuna ada? Ile ya Mtwapa tuliilipa, na wote mnajua ilivyokwisha.

Mwanaisha (saa 3:07 usiku): Hakuna ada, kaka. Kikundi hujiendesha kwa michango ya hiari ya wanachama wenyewe, na sharti la kujiunga ni moja tu, mtu awe na nia ya kuacha kunywa. Ya Mtwapa naomba tuyaache.

Salim (saa 3:09 usiku): Siwezi kuyaacha, kwa sababu pikipiki iliyouzwa ilikuwa yangu, na siku ya 9 yeye alikuwa amesharudi mangweni.

Fatuma (saa 3:15 usiku): Leo alfajiri nilimpelekea uji akashindwa kuinua kikombe. Kikawa kinamgonga meno, uji ukamwagikia kifuani, na jasho linamtoka ilhali feni inazunguka. Hajagusa kileo tangu jana adhuhuri.

Juma (saa 3:16 usiku): Mwalimu Mwanaisha, nina swali. Huko mkutanoni kuna chai? Kama kuna na mahamri, mimi nitamsindikiza na nitakaa mstari wa mbele.

Tima (saa 3:17 usiku): Ami Juma, ukienda wewe, mahamri hayatawafikia wenye mkutano.

Mjomba Abdalla (Alhamisi, saa 12:40 asubuhi): Nimesikia mikutano hii hufanyika katika kumbi za makanisa. Mtoto wa Kiislamu aingie kanisani na ajiite mlevi mbele za watu, kisha sisi tuonekane vipi msikitini?

Mwanaisha (saa 12:58 asubuhi): Shikamoo, Mjomba. Ni kweli kwamba vikundi vingi hukodi kumbi za makanisa, lakini chama chenyewe si cha dini yoyote. Kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, walipoona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyosikiliza mawaidha ya mtu ambaye hajapata kuonja. Wana hatua 12 za kuacha pombe, na humo kila mtu humtaja Mungu kwa jinsi anavyomjua yeye, kwa hiyo Athumani ataomba dua zake zilezile. Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa mle hayatoki nje. Nimeuliza pia kama ni mkutano wa faragha, ambao huingia wenye tatizo peke yao, nikaambiwa huu ni wa wazi, na jamaa anaweza kukaa akasikiliza.

Mwanaisha (saa 1:05 asubuhi): Jamani, jana Fatuma alituandikia jambo zito tukalipita kwa kucheka mahamri. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa au kuanza kuona vitu visivyokuwapo, na siku 2 au 3 za mwanzo ndizo za hatari. Mkutano hauwezi kufanya kazi ya daktari. Apelekwe Hospitali Kuu ya Pwani leo hii. Wifi, hali yake ikoje sasa?

Fatuma (saa 1:30 asubuhi): Bado anatetemeka, na ananiuliza ni nani anayebisha mlangoni. Hakuna mtu.

Tima (saa 1:34 asubuhi): Bibi amenikalisha hapa nimwandikie maneno yake kama yalivyo. "Mimi Rukia. Chupa nilikuwa nikizitoa mwenyewe uvunguni mwa kitanda chake kila Ijumaa kabla ya kufagia, nikizitia guniani ili msizione, miaka 11. Abdalla, siku ya hitima ya baba yao uliniuliza ni harufu gani ile, nikakwambia ni marashi. Nilikudanganya. Akiitwa kanisani aende, akiitwa hospitali aende, na wa kumpeleka leo ni Salim."

Mjomba Abdalla (saa 2:20 asubuhi): Nimekusikia, dada yangu.

Salim (saa 2:26 asubuhi): Nimeomba ruhusa bandarini, niko njiani. Lakini Jumamosi niko zamu hadi saa 12 jioni.

Mwanaisha (saa 1:15 usiku): Amelazwa. Daktari amempa dawa ya kumtuliza, na hajasema kama Jumamosi atakuwa ametoka. Wifi, wapo pia Al-Anon, ambao ni kwa ajili ya jamaa wa walevi. Tutazungumza mimi na wewe. Juma, jana ulijitolea kwa ajili ya mahamri. Leo nakuuliza kwa dhati.

Juma (saa 4:48 usiku): Nisameheni kwa ya jana. Nitakwenda, Jumamosi hii au ile. Lakini yeye mwenyewe ameulizwa kama anataka niwe mimi?

Mwanaisha (saa 4:50 usiku): Bado. Nitamuuliza kesho asubuhi nikimpelekea uji.